Maswali Niliyomjibia Dada Yako

Mwembetanga, Jumamosi, baada ya alasiri

Nassor mwanangu,

Ilham alitoka nyumba hii mwaka juzi, mwezi wa nane, siku ya Jumatano, kama saa tano asubuhi. Alikuwa na miaka miwili na miezi minne. Siku ile dada yako Asya alimpoteza mwanawe, na aliyemtoa mtoto mlangoni ni mimi. Wewe uliambiwa mengine. Uliporudi likizo kutoka skuli ya bweni nilikwambia kuwa Asya mwenyewe ameridhia mtoto akalelewe Bububu kwa bibi yake mzaa baba, na yeye amekwenda Matemwe kwa mama yenu mdogo kupumzika. Ulinitazama, ukasema, "Haya mama." Katika maneno yale hakukuwa na la kweli ila majina ya hiyo miji miwili.

Kesho saa moja asubuhi unapanda boti, na kutoka Dar es Salaam unakwenda Dodoma, chuoni. Na wiki kumi na moja sasa, tangu matokeo yako ya kidato cha sita yatoke, hulali. Nimehesabu. Kila siku yenye shughuli mie huamka mapema kuliko jogoo kwenda kupika, na kila nikiamka nakukuta ukumbini umeegemea ukuta, macho makavu. "Hujalala?" "Nimeamka sasa hivi, mama." Sahani yako naipakua mimi na kuiondosha mimi, kwa hiyo usiniambie unakula. Mkanda wako umeutoboa tundu mbili mpya kwa msumari. Nayajua haya. Nilishayaona mara moja ndani ya nyumba hii hii nikayapa majina mengine, na nisipoyaandika leo nitayapa majina mengine tena.

Habari za mashuka, za baridi ya Dodoma na za watu wa kukaa nao mbali umeshaambiwa na watu wasiopungua tisa. Sasa hivi umetoka kwenda kuaga, na mie nimeufunga mlango. Nina mpaka Isha.

Nianze na eda. Haji, mumewe Asya, alipokufa kwa ajali ya pikipiki akitoka kazini Nungwi, Asya alikuwa na miaka ishirini na tatu na mtoto wa mwaka mmoja na mwezi. Chumba walichopanga mwenye nyumba alikitaka, kwa hiyo eda aliikalia hapa kwetu. Miezi minne na siku kumi. Mwanangu, hujapata kuona eda ikakaliwa vile. Hatoki, hasemi, hacheki, haombi kitu. Kioo tulikigeuza ukutani wala hakuuliza kimekwenda wapi. Chakula anaonja. Bi Tatu, jirani yetu wa ukuta mmoja, kila akija kumtazama alikuwa akitoka anasema uani kwa sauti ya kusikika nyumba tatu, "Hii ndiyo eda. Si hawa wa siku hizi, eda na simu, eda na tamthilia. Bi Mize, umelea."

Na mie nikifurahi. Siku nilizitia alama kwa mkaa nyuma ya mlango wa stoo, mia na ishirini na nane, hata moja sikuikosa. Sikuhesabu ni mara ngapi amesema na mwanawe. Ningehesabu, ningepata kama mara nne, na tatu kati ya hizo ni "nyamaza".

Siku ya kutoka eda nilipika pilau ya watu sitini. Wakaja sabini na wawili na ikatosha. Tulimkosha Asya, tukamvisha dera jipya, tukamfukiza udi, wanawake wakakaa ukumbini wakimngoja. Hakutoka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, Ilham analia miguuni pake na yeye kama hamsikii. Bi Tatu akachungulia pazia: "Mtu wetu vipi, hataki kuonekana?" Nikacheka. Nikawaambia wageni, "Miguu imekufa ganzi. Siku mia na ishirini na nane si mchezo." Wakacheka wote. Tukaendelea kula.

Ningekuwa na binti asiye mjane, akawa hali, hasemi, hatoki na hamtazami mwanawe kwa miezi minne, ningekwenda naye mbio kwa daktari. Kwa mjane tuliita adabu. Nadhani ni sisi tu duniani tunaoweza kumsifu mtu kwa kuumwa vizuri.

Nilimpa wiki mbili, halafu nikaanza maneno. Ukitaka kuyajua, ni yale yale uliyokwisha kunisikia nikiyasema kwa watu wengine: wewe si wa kwanza kufiwa, kazi ndiyo dawa, mie niliachwa na watoto wawili, mmoja mgongoni, na Ijumaa ile ile nikapika. Haya ya mwisho nilimwambia Asya kila siku. Akinisikiliza. Mara moja tu alijibu. Alisema, "Najua mama, wewe ni wewe." Nikadhani amenisifu.

Alikuwa akilalamika kichwa. Mara ya kwanza kituo cha afya wakampa dawa za maumivu, mara ya pili vile vile, mara ya tatu daktari akatwambia twende mlango wa mwisho wa ukumbi. Nilikuwa naujua mlango ule ni wa nini. Benchi lake linatazamana na dirisha la dawa, na foleni ya dirisha la dawa siku hiyo ilikuwa na watu kumi na wanne. Watatu nimeshawapikia harusi. Na kulikuwa na mtu wa Vuga, mgane mwenye duka la vitambaa, ambaye alishaleta salamu kwa njia ya dada yake kuwa akiona heri ataposa. Wenye kuposa huulizia. Wakishamaliza dini, kitu kinachofuata ni kama kuna wazimu ndani ya nyumba. Kwa hiyo niliingia mlango ule na jibu langu tayari kabla sijaulizwa.

Muuguzi alikuwa msichana tu, labda anamzidi Asya miaka miwili. Akachukua karatasi akaanza na mambo ya juu: umri, ameolewa au hakuolewa, amesoma mpaka wapi, anafanya kazi gani, ana watoto wangapi, anaishi na watu wangapi, vyumba vingapi.

Nikamwambia, "Mwanangu, sisi tumekuja kwa kichwa. Vyumba vyangu vinaingiaje ndani ya kichwa?"

"Vinaingia, mama. Nijibu tu."

"Watu kumi na moja, vyumba vitatu. Umefurahi?"

Akaandika. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonikasirisha. Halafu akamgeukia Asya. Unalala vizuri?

"Analala," nikasema.

Unapata hamu ya kula?

"Anakula."

"Mama, namuuliza yeye."

"Yeye ni mimi. Nimemzaa mimi."

"Sawa. Basi anijibu yeye, na wewe nitakuuliza ya kwako baadaye."

"Ya kwangu? Mie naumwa nini?"

Maswali yalikuwa ishirini. Kumi na saba niliyajibu mimi. Matatu aliyajibu Asya, kwa sababu Ilham alicheua begani kwangu nikawa natafuta kitambaa mkobani. Yote matatu alijibu ndiyo. Sikuyasikia yalikuwa yapi, nikasikia ndiyo tu, ndiyo, ndiyo, kwa sauti ya mtu anayeitika jina lake. Nikaufunga mkoba haraka. Lililofuata lilikuwa kama amewahi kufikiri kuwa bora asingekuwepo. Nilisema, "Astaghfirullah, sisi Waislamu." Asya alikuwa akiutazama mdomo wangu. Kila nikijibu anautazama, kama vile na yeye anangoja kujua ana nini.

Muuguzi akaweka kalamu chini. Akatupa siku ya kurudi, Jumanne, akaniomba kwa heshima Asya aje peke yake. Hatukurudi. Mtu wa Vuga alioa Fuoni.

Sasa skiza, Nassor, maana hapa ndipo aibu yangu inapokuwa ya mtu mwenye akili zake. Mie najulikana kwa kitu kimoja mji mzima. Nionyeshe orodha ya wageni nitakwambia mchele kilo ngapi, na sikosei. Kilo moja watu wanane. Wanaume wakiwa wengi, saba. Harusi ya Mji Mkongwe ikiwa na wageni wa nje, tisa, maana hawa hula kwa macho. Sihitaji kuwajua watu. Nikijua umri wao, wametoka wapi, wameambiwa saa ngapi na wamekuja kwa miguu au kwa gari, najua watakula nini. Na yule msichana alikuwa akifanya kazi hiyo hiyo mbele ya macho yangu. Mwanamke. Ishirini na tatu. Mjane. Skuli aliiacha kidato cha tatu. Hana kazi. Mtoto mmoja. Watu watano chumba kimoja, maana Asya na Ilham walilala na mie na mabinti wawili wa mjomba wenu. Mtu wa kumsikiliza: hapana. Ile haikuwa karatasi ya kujaza tu. Ningekabidhiwa orodha kama ile ya wageni ningesema papo hapo, hawa watakuja na njaa. Ila ilikuwa ya binti yangu, nikasema nimetukanwa vyumba.

Hilo la kidato cha tatu nalo ni langu. Mwaka ule shughuli zilikuwa nyingi, nikataka mkono wa pili jikoni, na wewe ulikuwa umeshaanza kushika namba ya kwanza darasani. Nilipiga hesabu kuwa mmoja akisoma inatosha. Asya alilia siku mbili, ya tatu akaja akanisaidia kuchambua mchele. Hayo sikwambii uyabebe. Ulikuwa na miaka tisa, ulikuwa hujui hata kiatu cha kushoto. Nakwambia kwa sababu mimi huwahadithia watu kuwa Asya hakupenda skuli.

Na ile hadithi yangu ya kuachwa na Ijumaa ile ile nikapika, nayo nikueleze ilivyokuwa. Nilipika, kweli. Lakini kuna miezi mitano ya mwaka ule ambayo siikumbuki. Nilikuwa nikilia juu ya sufuria na nikiulizwa nasema moshi. Kuna siku nilisimama na mwiko mkononi mpaka wali ukaungua wote, sufuria ya watu mia mbili, nikiwa nimeutumbulia macho. Mpishi mwenzangu mmoja alinisukuma pembeni, akaupakua ule wa juu, akasema kwa wenye shughuli kuni zilikuwa mbichi. Hakunisema popote mpaka leo. Nilikuwa na bibi yenu, Mungu amrehemu, yu hai wakati huo, akiwachukua nyinyi Matemwe siku nne kwa wiki. Nilikuwa na chumba changu peke yangu, chenye komeo kwa ndani. Nilikuwa na kazi, yaani nilikuwa na mahali nikichelewa naulizwa. Na talaka, kwa uchungu wake wote, ina mtu wa kumlaani. Nilimlaani baba yenu kila asubuhi kabla ya chai na wallahi ilinisaidia. Asya angemlaani nani? Haji alikuwa mume mwema.

Miaka kumi na tisa nimejisifu kuwa nilisimama peke yangu. Siku hata moja sikusimama peke yangu. Kisha nikampimia Asya kwa kipimo changu, nikaona amepungua.

Sasa ile Jumatano.

Miezi minane baada ya kituo cha afya, Bi Salama, mama yake marehemu Haji, alikuja kumtazama mjukuu. Mie nilikuwa uani nachambua mchele wa watu mia nne, harusi ya Ijumaa. Alimkuta Ilham na nguo mbichi tangu asubuhi, anachezea maganda ya vitunguu. Asya yuko ndani, amelala, uso ukutani, pazia limeteremshwa.

"Bi Mize," akasema, "mtoto huyu nani anamtazama?"

Ningeweza kusema, mama yake anaumwa na mie nimeelemewa. Maneno sita tu. Badala yake nilihisi mtu amekuja kunikagua nyumba yangu, mie niliyeijenga bila ya mume, na nikataka lawama itue kwa mwengine. Na nikwambie na hili pia, kwa kuwa nimeshaanza: nilipiga hesabu. Watu kumi na moja, vyumba vitatu. Nikaona nikipunguza mmoja wanabaki kumi.

Nikasema, "Mama yake hana akili tena, Bi Salama. Mchukueni."

Sikushusha sauti. Pazia, Nassor, ni kitambaa. Asya akatoka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amesimama kabla ya adhuhuri kwa wiki nzima. Akamwosha mwanawe, akamvisha gauni la manjano, akamfunga makubadhi kamba moja moja, taratibu, akamtia mkononi mwa bibi yake. Ilham alikuwa akicheka, anadhani anakwenda matembezi. Walipotoka, Asya akaja uani akasimama mbele ya sinia langu.

"Mama, kule kituoni ulisema mie mzima. Leo mie mwendawazimu. Nishike lipi?"

Nikamwambia anisogezee kile kikapu.

Akanisogezea. Jumapili iliyofuata akaenda Matemwe, na nyumba hii hajaikanyaga tena.

Mwezi uliopita nilikwenda. Wewe nilikwambia nakwenda kutazama kuku wa shughuli. Asya nilimkuta nyuma ya nyumba ya mama yenu mdogo, wanawake watano kwenye jamvi moja wanafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Wenzake wakaona uso wangu wakakumbuka kila mmoja ana kazi nyumbani kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakuacha kufunga. Nikasema, "Umenawiri."

"Nimelala," akanijibu.

Amekwenda kituo cha huko mwenyewe, hakusindikizwa na mtu. Aliulizwa yale yale maswali, na ameniambia kuwa alipofika la tano alilia, si kwa uzito wa swali, kwa kuwa amepewa muda wa kulijibu. Dawa alikunywa miezi tisa. Sasa anakwenda kuzungumza tu, mara moja kwa mwezi. Siku nyengine bado hainuki, na siku hiyo mama yenu mdogo anamwachia uji kando ya kitanda na hamwambii neno. Ndugu yangu hakusoma hata darasa la nne. Mie namcheka hajui kugawa.

Nikamwambia, "Nimekuja kukutaka radhi."

"Ya nini?"

"Ya yote."

Akatabasamu. "Yote ni mengi, mama. Wewe mtu wa hesabu, taja moja moja."

Nikataja skuli. Nikataja pilau ya kutoka eda na mzaha wa miguu. Nikataja yale maswali kumi na saba. Akawa anafunga mwani, kila nikinyamaza anasema, "Bado." Kwa hiyo nikataja Jumatano. Nilitaja na kile kikapu. Hapo akaacha kufunga.

"Ya kituoni nshakupa zamani," akasema. "Ile ya Bububu si yangu peke yangu. Kawaambie waliokusikia."

Nikaenda. Mlango alinifungulia Ilham. Ana miaka minne na nusu sasa, amepungukiwa na meno mawili ya mbele kwa kuanguka. "Shikamoo bibi," akasema, kama anavyosalimiwa mgeni yeyote, akakimbia ndani kusema kuna mtu. Bi Salama alinipa chai na visheti, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilisema yote: kwamba binti yangu alikuwa mgonjwa wa ugonjwa unaotibika, kwamba akili zake zilikuwepo na zimo, kwamba mie nilimficha ilipofaa kumsema na nikamsema ilipofaa kumsitiri. Alifuta mdomo, akasema, "Bi Mize, mie nilichukua neno lako kwa kuwa wewe mama mzazi. Nani angelisema vile kuhusu mwanawe kama si kweli? Sasa leo unanambia nisiamini. Niache kukuamini la jana au la leo?"

Tumefikia kuwa Asya aende Ijumaa, kutwa, na mtoto alale Bububu. Akiona mwaka umepita salama tutazungumza. Wapo wanaonambia twende kwa kadhi, na labda tutakwenda, lakini kadhi ataniuliza nilisema nini, na nitalazimika kusema. Asya ameshakwenda Ijumaa tatu. Ya kwanza mtoto alimwita "anti".

Sasa wewe.

Asya nilimjibia. Wewe hata sikukuuliza. Nilisema huyu mwanamume, huyu ana kichwa, huyu atatutoa. Siku ya dua yako ya kuagwa, wiki iliyopita, nilisimama na mwiko mbele ya watu nikasema usituangushe. Nilisema mara nne. Bi Tatu alinihesabia kwa mzaha. Mjomba wako alisema, majirani walisema, wajukuu wa majirani walisema. Kisha ukaenda ukatapika nyuma ya choo, na mie nikakufuata nikakwambia pilau yangu haijapata kumdhuru mtu. Ulinitaka radhi, Nassor. Ulikuwa umejikunja vile, umeshika ukuta, na wewe ndiye uliyenitaka radhi mimi.

Nimejaribu kukuandikia karatasi yako, yale mambo ya juu. Mwanamume, miaka ishirini. Wa mwanzo kutoka nyumba hii kwenda chuo. Baba yuko Pemba, hupiga simu Idi kwa Idi. Dada ameondoka nyumbani kwa sababu aliyodanganywa. Chumba anachangia na mjomba wake na watoto watatu. Anakwenda mji asikomjua mtu, na huku nyuma kuna watu wanaongoja awaokoe, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama anaweza. Nimeisoma karatasi hii mara mbili. Ingekuwa ya mtoto wa mwengine ningesema huyu asipoumwa ni ajabu.

Lakini hiyo ni orodha tu. Orodha hunambia watakaokuja na njaa, hainambii nani ameshashiba njiani. Huenda nimekosea. Huenda huumwi, ni hofu ya safari, na Dodoma ikakupoza. Mie siwezi kujua, na mara ya mwisho niliyojifanya najua, unayajua yaliyotoka. Mwenye kujua ni wewe peke yako, na nina hofu kuwa umenitazama miaka yote hii ukajifunza kuwa ndani ya nyumba hii jibu ni moja, salama.

Sikwambii usiende. Sikwambii nenda. Nimeuliza: tiketi ya boti inabadilishwa mpaka nusu saa kabla ya safari, na chuo chako kinapokea wanafunzi wapya kwa wiki mbili kuanzia Jumatatu, hata siku kumi na tatu ukichelewa jina lako lipo. Ukiwa unaumwa na bado unataka kwenda, Dodoma pia wapo wa kukutazama, na mama yenu mdogo yuko tayari kukusindikiza, nshamuuliza. Ukiwa unaumwa na hutaki kwenda, mwaka mmoja si umri. Watu watasema. Nimepika kwa ajili ya midomo ya watu maisha yangu yote, najua inavyojaa na inavyosahau. Nitawajibu mimi, hiyo ndiyo kazi pekee ya kujibu ninayoitaka kwako.

Barua hii nitakupa mkononi ukirudi baada ya Isha, na nitakwenda kulala kwa Bi Tatu ili usisome huku unanisikia nakohoa ndani. Alfajiri nitarudi. Mwenye gari anakuja saa kumi na mbili kamili kukupeleka bandarini. Njoo uani kabla ya hapo unambie kwa mdomo wako. Sitaki ujumbe wa simu. Sitaki "niko poa", na alhamdulillah tuseme sote, kila siku, ila si kwa kulikimbia swali. Nipe neno moja, nitanyamaza mpaka ulitoe: unaumwa, Nassor, au huumwi? Una mpaka saa kumi na mbili.

Mama yako,
Mize